Jinsi ya kumfundisha mtoto kutambua tashbihi, sitiari na nahau

Mtoto anaweza kukariri tashbihi 20 na asielewe hata moja. Ukimuuliza "mweupe kama nini?" anajibu "theluji" papo hapo, ingawa hajawahi kuiona. Anachokijua ni jozi ya maneno tu. Kinachotakiwa ni aone kitu gani kimefananishwa na kipi, na kwa sifa ipi.

Anza na vitendawili

Kwa wiki 2 za mwanzo usitaje istilahi yoyote. Tega vitendawili 2 au 3 kwa siku; dakika 10 zinatosha. "Nyumba yangu ina nguzo moja." Jibu likipatikana, uyoga, usikimbilie kingine. Uliza: nguzo ni sehemu gani ya uyoga? Paa liko wapi? Watoto wakikwama, kabla hawajatoa mji, wachore nyumba hiyo kama ilivyotajwa. Mara nyingi jibu hujitokeza kwenye mchoro.

Tashbihi: maswali manne

Andika ubaoni "Amina ni mwoga kama kunguru", kisha uliza kwa mpangilio huu:

1. Anazungumziwa nani?
2. Amefananishwa na nini?
3. Ni sifa gani iliyochukuliwa?
4. Ni sifa zipi zilizoachwa?

Swali la nne ndilo huachwa na walimu wengi, nalo ndilo linalozaa uelewa. Amina hana mbawa, hali mizoga, halii kama kunguru. Kilichochukuliwa ni kimoja tu: kushtuka na kukimbia mara anaposikia kishindo. Mtoto anayeweza kutaja kilichoachwa hataichukua lugha ya picha kama ilivyo.

Mpe pia nafasi ya kutunga. Akiandika "mwoga kama mjusi", usimkosoe kwa kuwa kitabu kimeandika kunguru. Muulize sababu. Akisema mjusi hukimbilia ufa wa ukuta akisikia hatua za mtu, amepata alama yake yote. Mitihani ya kujaza nafasi inayokubali jibu moja ndiyo inayowarudisha watoto kwenye kukariri.

Tatizo jingine ni neno "kama" lenyewe. Mtoto akiambiwa ndiyo alama ya tashbihi, atalipigia mstari kila alikutapo. Mpe sentensi hizi achambue:

- Walikuja watu kama kumi. (kadirio)
- Kama mvua itanyesha, hatutatoka. (sharti)
- Nunua matunda kama maembe na mapera. (mifano)
- Asha ni mrefu kama Juma. (ulinganisho wa kawaida, mtu kwa mtu)
- Asha ni mrefu kama twiga. (tashbihi)

Sentensi mbili za mwisho zikae pamoja ubaoni kwa muda mrefu kuliko nyingine. Ndipo mtoto anapong'amua kwamba tashbihi huunganisha vitu vya aina tofauti. Baada ya hapo ongeza "mithili ya" na "utadhani".

Sitiari

Futa "kama" mbele ya macho yao: "Juma ni kama simba" inakuwa "Juma ni simba". Rudia maswali yaleyale manne. Kwa watoto wanaofuatilia soka la Tanzania, epuka mfano huu siku ya kwanza, kwa sababu watadhani Juma anashabikia timu ya Simba. Tumia "Dada yangu ni kinyonga": atabadilika nini, rangi au maneno yake?

Tashihisi, yaani kukipa kitu kisicho mtu sifa au matendo ya mtu, huingia hapa bila shida: "Njaa ilibisha hodi kila nyumba." Uliza nani kwa kawaida hubisha hodi. Ila usiwaache wapigie mstari "mguu wa meza" au "mdomo wa chupa". Hayo yamekwisha kuwa majina ya kawaida.

Nahau zina njia yake

Nahau nyingi hazifumbuliki kwa maswali manne, na kumlazimisha mtoto akisie ni kumchosha. Fundisha 3 kwa wiki, kila moja ndani ya kifungu kifupi. Weka matumizi mawili sambamba:

- Babu amekula chumvi nyingi, anakumbuka hata enzi za mkoloni.
- Babu amekula chumvi nyingi, sasa anaomba maji.

Waulize ni maneno yapi yaliyowaonyesha tofauti. Kisha badilisha neno moja: "piga moyo konde" ni kujipa ujasiri, lakini "piga moyo ngumi" haisemwi, ingawa konde ni ngumi. Watoto wakichora, wachore picha 2, ya maneno na ya maana. Wakichora ya maneno peke yake, hiyo ndiyo watakayoikumbuka.

Eleza pia maneno ya zamani kwanza. "Wanapendana kama chanda na pete" haina picha kwa asiyejua kuwa chanda ni kidole. Vivyo hivyo kibaba, kipimo cha robo pishi: leta kopo na mchele, ujaze kidogo kidogo, ndipo useme "haba na haba hujaza kibaba".

Kupima

Usipime kwa mifano uliyofundisha. Toa sentensi 2 mpya: "Soko lilikuwa mzinga wa nyuki" na "Nyuma ya soko kuna mzinga wa nyuki". Anayeelewa atasema ya kwanza inahusu kelele na pilikapilika, na kwamba asali haimo. Akisema asali au kuumwa vimo, rudi kwenye swali la nne kwa sentensi nyepesi zaidi, na umpime tena baada ya wiki.