Samaki wakiugua kwenye akuaponiki: mwongozo kwa wanaotumia maji ya Ziwa Tanganyika

Mwongozo huu ni wa mtu anayefuga sato au kambare pamoja na mboga kwenye maji yanayozunguka, hasa Kigoma Mjini, Ujiji na vijiji vya mwambao ambako maji ya kujazia yanatoka ziwani. Ushauri unaotolewa kila mahali ni kwamba samaki wakianza kusumbuka, badilisha nusu ya maji upesi. Kwa maji yetu, ushauri huo unaweza kumaliza tangi zima usiku mmoja. Sababu iko hatua ya 3, nayo ndiyo ndefu kuliko zote.

Kabla ya lolote: dawa haiingii kwenye mfumo. Mrututu, formalini, pamanganeti ya potasi, oksitetrasiklini (antibiotiki), vyote viache nje. Vingine vitaua bakteria wanaosafisha amonia (sumu itokanayo na uchafu wa samaki) na hivyo kuzalisha tatizo la pili kubwa kuliko la kwanza, vingine vitaunguza mizizi, na antibiotiki itaishia kwenye mchicha utakaoliwa nyumbani. Matibabu yote yanafanyika kwenye pipa la pembeni.

Hatua ya 1: Acha kulisha, ongeza hewa

Saa 24 hadi 48 bila chakula. Sato mwenye afya anavumilia bila shida. Weka jiwe la hewa la ziada (lile linalotoa mapovu mwisho wa mpira wa pampu), na hakikisha pampu ya hewa ina betri ya akiba, maana umeme ukikatika usiku samaki mgonjwa ndiye wa kwanza kufa.

Hatua ya 2: Pima

Pima amonia, naitraiti (sumu ambayo amonia hugeuka kuwa kwanza), pH (kipimo cha asidi ya maji: chini ya 7 ni asidi, juu yake ni alikali) na joto. Tumia vipimo vya matone na vichupa. Karatasi za kuchovya zinanyonya unyevu wa mwambao na baada ya muda zinasoma vibaya, nazo huwezi kuziamini kwenye amonia ndogo, ambayo ndiyo unayoitafuta. Kama unatumia kalamu ya pH, irekebishe kwanza kwa maji yake ya 7.0 na 10.0.

Mara nyingi unachokiita ugonjwa ni maji mabaya. Samaki wote wakipanda juu kuhema kwa wakati mmoja, shuku maji. Wakiugua mmojammoja, wengine wakiendelea kula, shuku vijidudu.

Hatua ya 3: Rekebisha maji, lakini usikimbilie ziwani

Maji ya Ziwa Tanganyika yana pH inayokaribia 9, na yana madini mengi yanayoishikilia pH hiyo isishuke. Mfumo wa akuaponiki uliokomaa unafanya kinyume: bakteria wakibadili amonia wanatoa asidi, na taratibu pH inashuka hadi 6.5 au 7, ambapo mboga zinastawi.

Amonia iko kwenye maji kwa sura mbili. Moja haina madhara makubwa, nyingine inapenya matamvua na kuyaunguza. Kipimo chako kinasoma jumla ya zote mbili. Kinachoamua ipi iwe nyingi ni pH, na joto kwa kiasi. Chukua jumla ya miligramu 2 kwa lita, maji yakiwa nyuzi 26. Kwenye pH 7, amonia yenye sumu ni kama miligramu 0.012 tu. Kwenye pH 8 ni kama 0.12. Kwenye pH 9 inafika kama 0.76. Matamvua huanza kuharibika amonia hiyo ikifika karibu miligramu 0.05. Kwa hiyo unamwaga nusu ya maji na kujaza ya ziwa, jumla inashuka kutoka 2 hadi 1, unaridhika. Kumbe pH imeruka kutoka 7 hadi karibu 8.5 na sumu yenyewe imeongezeka zaidi ya mara kumi.

Fanya hivi kabla ya kubadilisha hata lita moja. Chukua ndoo, weka lita 7 za maji ya mfumo na lita 3 za maji unayotaka kujazia. Tia jiwe la hewa, acha saa mbili, kisha pima pH. Usipime mara tu baada ya kuchanganya: maji ya mfumo yana hewa ya ukaa inayoficha pH halisi, na ikishatoka, pH inapanda. Ndiyo maana watu hupima, wakaona 7.2, wakajaza, kisha asubuhi wanakuta 8.3. Kama baada ya saa mbili pH imepanda zaidi ya 0.3, rudia kwa lita 9 na 1. Bado inapanda? Maji hayo hayafai kwa leo.

Cha kutumia ni maji ya mvua. Hayana madini, yanapunguza amonia bila kupandisha pH. Tahadhari zake ni mbili. Karibu mvua yote tunayokinga inapita kwenye bati, na bati lina zinki ambayo samaki hawaivumilii. Mwaga maji ya dakika 15 za kwanza, na mvua za mwanzo wa msimu usizikinge kabisa kwa ajili ya samaki. Ya pili, usizidishe robo ya tangi kwa siku, kwa sababu maji yasiyo na madini yataiacha pH ikiyumba.

Maji ya bomba yana klorini, mbali na hiyo pH ya juu. Yaache wazi na jiwe la hewa kwa saa 24 kabla ya kuyatumia kwa lolote. Usijaribu kuyashusha pH kwa asidi ukiwa na wagonjwa: yatashuka, hewa ya ukaa itatoka, yatapanda tena usiku, na samaki watapata mshtuko mara mbili.

Kuna hali mbili ambazo maji ya ziwa ni salama. Kwanza, mfumo mchanga ambao pH yake bado iko 8.3 na kuendelea: hapo hakuna mruko wa maana, badilisha robo bila hofu. Pili, mfumo uliozeeka ambao pH imeanguka chini ya 6. Bakteria wa humo wamelala na amonia inajikusanya bila kuonekana madhara. Punguza kwanza amonia kwa maji ya mvua hadi iwe chini ya miligramu 1, kisha ongeza maji ya ziwa lita 20 hadi 30 kwa kila lita 1000 kwa siku, ukipima kila asubuhi. Hapo maji ya ziwa yenyewe ndiyo tiba.

Naitraiti ikisoma juu ya 1 na matamvua yamekuwa ya kahawia kama chokoleti, weka chumvi gramu 170 kwa kila lita 1000, moja kwa moja kwenye mfumo. Kiasi hicho kinatoa kama miligramu 100 za kloridi kwa lita, inayozuia naitraiti kuingia kwenye damu, na mboga hazitaihisi. Hii ndiyo chumvi pekee ninayoiruhusu ndani ya mfumo.

Hatua ya 4: Mwangalie samaki

Mtoe mmoja, mweke kwenye beseni jeupe. Vidoa vyeupe kama punje za chumvi, samaki akijikuna ukutani: ugonjwa wa madoa meupe. Nyuzi kama pamba kwenye kidonda: ukungu, ambao hufuata jeraha au baridi, na ni wa kawaida zaidi Kasulu na Buhigwe mwezi Juni na Julai kuliko huku ziwani. Alama pana ya kijivu mgongoni kama tandiko, mapezi yakimeguka: kolumnarisi, ugonjwa wa bakteria wa ngozi, na maji ya moto huichochea. Matamvua yamepauka na ute mwingi bila vidoa: minyoo ya matamvua. Chawa unawaona kwa macho, wang'oe kwa kibanio.

Macho kutoka nje, tumbo kujaa, magamba kusimama, au samaki kuzunguka kama amelewa, hayo ni maambukizi ya bakteria ya ndani. Chumvi haitayaponya. Waue wenye dalili, wazike, na peleka taarifa kwa ofisa uvuvi wa halmashauri au daktari wa mifugo. Vaa glavu: baadhi ya bakteria wa jamii ya streptokoka huingia kwa binadamu kupitia mkwaruzo mdogo wa mwiba wa pezi.

Hatua ya 5: Pipa la wagonjwa

Pipa la bluu la lita 200, lisilowahi kubeba sumu. Jaza lita 150 za maji ya mfumo uleule, si maji mapya. Jiwe la hewa, wavu juu, kivuli.

Hatua ya 6: Chumvi

Nunua chumvi ya mawe. Ya Uvinza inafaa kabisa. Ile laini ya pakiti mara nyingi ina kemikali ya kuzuia isigande. Pima kwa mizani ya jikoni. Kijiko hakifai, kwa sababu kijiko cha chumvi ya mawe na kijiko cha chumvi laini vina uzito tofauti.

Kwa madoa meupe, ukungu na mwanzo wa kolumnarisi: gramu 3 kwa lita, yaani gramu 450 kwa lita zako 150. Gawanya mara tatu, gramu 150 kila baada ya saa 12. Iyeyushe kwanza kwenye ndoo. Punje zikimwangukia samaki zinamuunguza.

Pipa halina chujio, hivyo kila siku toa lita 50 na urudishe lita 50 za maji ya mfumo zenye gramu 150 za chumvi. Hapa wengi hukosea kwa namna mbili: ama hurudisha maji bila chumvi, na baada ya siku nne dozi imebaki kama moja ya tano, ama huweka gramu 450 nzima kila siku. Chumvi haitoki kwa mvuke. Maji yaliyopungua kwa jua rudishia bila chumvi. Maji uliyoyatoa rudishia na chumvi.

Madoa meupe yanahitaji siku 10 hadi 14 hata kama vidoa vimepotea siku ya nne. Kidudu kikiwa ndani ya ngozi chumvi haikifikii. Kinauawa kikiwa kinaogelea kutafuta samaki mwingine.

Kwa chawa na minyoo ya matamvua, muogeshe: gramu 200 kwenye lita 20, dakika 20, ukisimama hapohapo. Akilala ubavu, mtoe mara moja. Kambare hana magamba; kwake usizidi gramu 5 kwa lita.

Hatua ya 7: Mfumo wenyewe

Kama ni madoa meupe, toa samaki wote, hata wazima. Kidudu kisipopata samaki kinakufa. Maji yakiwa nyuzi 25 na kuendelea, siku 7 zinatosha. Kwenye nyanda za baridi weka wiki tatu. Pampu iendelee kuzunguka, na tupia chakula kidogo cha samaki kila siku kioze, bakteria wasife njaa.

Hatua ya 8: Kurudisha

Shusha chumvi kwa siku mbili kwa kubadilisha maji bila kuongeza chumvi, kisha rudisha. Wavu wa pipa usiingie kwenye tangi kubwa kabla ya kukauka juani siku nzima. Vifaranga wapya wakae pipani siku 14 hadi 21 kabla ya kukutana na wenzao.

Maji ya chumvi mwaga mbali na bustani. Usiyamwage, wala kutupa mizoga au sato hai, ziwani au Mto Luiche. Katika Ziwa Tanganyika mna samaki wasiopatikana popote pengine duniani. Mizoga fukia nusu mita chini na chokaa juu yake.