Kuwatembeza wageni Regensburg: jihadharini na saa tatu asubuhi

Kiangazi kikifika wageni nao wanafika, na kila anayefikia kwetu Munich, Ujerumani, anataka kupelekwa mahali pa kale. Regensburg panafaa kuliko miji mingi. Ni mji wa kando ya mto Danube, saa moja na nusu hivi kwa treni ya mkoa, mabomu ya Vita vya Pili hayakuuharibu sana mji wake mkongwe, na tangu 2006 umo kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO. Vya kutazama nitavifikia. Tuanze na tiketi, maana hapo ndipo tulipoliwa.

Wengi wetu tukiwa kundi tunakata Bayern-Ticket: tiketi moja ya siku, hadi watu watano, treni zote za mkoa ndani ya Bavaria, jimbo letu, na mabasi ya mijini karibu yote. Bei yake ni nafuu kuliko kumkatia kila mtu ya kwake. Lakini Jumatatu hadi Ijumaa inaanza kutumika saa tatu kamili asubuhi. Si saa tatu kasorobo, wala si "inakaribia saa tatu". Ukipanda treni ya saa mbili na dakika hamsini, huna tiketi, hata kama umeilipia na umeishika mkononi. Jumamosi, Jumapili na sikukuu za Bavaria ndizo siku inayotumika tangu saa sita usiku.

Sisi ilikuwa Jumanne. Mama mkwe, shemeji na vijana wawili, watu wa Tanga wote, wameamka na adhana, wamepika chapati za njiani, na kabla ya saa tatu wamekwisha panga foleni ya kwenda kituoni. Mashine ilituuzia tiketi bila neno. Treni ilikuwa imesimama, milango wazi, viti tele. Shemeji akauliza, sasa tunasubiri nini? Mkaguzi alitukuta hata Freising hatujafika. Akaisoma tiketi, akatazama saa yake, akaomba pasipoti. Yuro 60 kwa kila kichwa, na vichwa vilikuwa vitano.

Shemeji akaninong'oneza kwamba tumwone pembeni. Jamani shemeji! Nawaambia na ninyi wengine mnaokuja: msijaribu. Faini inalipwa ikaisha, ila ukimtolea mkaguzi noti umeianzisha kesi nyingine. Mama mkwe naye alisimama kumweleza kwa Kiswahili fasaha kwamba yeye ni mgeni, tena mtu mzima, na hakujua. Mkaguzi alimsikiliza kwa adabu mpaka mwisho, akamkabidhi karatasi yake, akatutakia siku njema.

Adabu hiyo ndiyo iliyoniuma. Angetufokea ningepata pa kumshika. Kwetu mtu wa tiketi unabishana naye, anakasirika, unaomba radhi, anacheka, yanaisha. Hapa hakuna wa kumbembeleza, kwa sababu aliyeamua si yeye, ni karatasi. Wenyeji hawaoni ukatili wowote ndani yake. Ni watu watakaosimama kwenye taa nyekundu ya waenda kwa miguu usiku wa manane, barabara tupu, na mtoto akiwepo karibu watakukata jicho ukivuka. Mimi nimeishi nao muda wa kutosha kuona faida yake: mkubwa na mdogo wanapigwa faini ileile. Lakini sitajifanya naipenda.

Mnaonisoma mmezoea SGR, iwe ya Dar au ya Nairobi. Hupiti bila tiketi na kitambulisho, na ukikosea saa kuna mtu anakurudisha mapema, hujapoteza kitu zaidi ya muda. Treni za mkoa hapa hazina geti. Unatembea kutoka barabarani hadi kwenye kiti bila kuulizwa na mtu, na mgeni anadhani kuachwa apite ni ruhusa. Si ruhusa. Narudia kwa ajili ya shemeji zangu wote: mlango kuwa wazi hakumaanishi tiketi yako imeanza.

Kuna mkia wa jambo hili, na mkia ni mbaya kuliko kichwa. Karatasi ya faini inataka anwani, na mgeni atatoa anwani ya nani? Ya kwako. Muda wa kulipa ukipita, wageni wamekwisha rudi nyumbani na zawadi zao, barua zinaanza kuingia kwenye sanduku lako: kwanza ukumbusho, kisha kampuni ya kukusanya madeni na gharama zake juu. Shemeji aliniambia kwa simu kwamba niipuuze, yeye hayupo tena Ujerumani. Mimi nipo, shemeji. Niliandika kuomba msamaha kwa hoja ya ugeni. Jibu lilikuja fupi, hapana. Kwa hiyo lipeni mara moja, na risiti mtunze.

Mengine ya tiketi ni madogo. Andikeni majina ya wasafiri juu yake kwa kalamu kabla ya kupanda. Deutschlandticket, tiketi ya mwezi ya Ujerumani nzima, ni ya mtu mmoja mwenye jina lake, kwa hiyo usimwazime binamu. Na ukimkatia mama aliyekuja kwa wiki chache, kumbuka inajirudia kila mwezi mpaka uifute, na ya kufuta ni kabla ya tarehe 10 ya mwezi uleule.

Haya, mji wenyewe. Kutoka kituoni hadi mji mkongwe ni kwa miguu. Nendeni moja kwa moja kwenye Steinerne Brücke, daraja la mawe lililojengwa kuanzia 1135. Majeshi ya vita vya msalaba yalipita juu yake, na mwaka 1945 jeshi la Ujerumani lenyewe lililipua baadhi ya matao yake likikimbia. Magari hayapiti tena, ila baiskeli zinapita kwa kasi, shikeni watoto. Akitokea mtu wa kuwatambia kwa umri wake, mwambieni maandishi ya msikiti wa Kizimkazi ni ya 1107.

Chini ya daraja kuna kibanda cha kale cha soseji za kuchoma kwa mkaa, Wurstkuchl, na harufu yake itawavuta. Ni nguruwe. Mama mkwe alikwisha kaa kwenye benchi kabla sijamwahi. Chapati zikatuokoa.

Kanisa kuu la Mtakatifu Petro lina minara ya mita 105, iliyomalizika karne ya 19 ingawa kanisa lilianza karne ya 13. Vioo vyake vya rangi vitazameni jua likiwa kali. Karibu na hapo kuna Porta Praetoria, lango la kambi ya Warumi ya mwaka 179, limemezwa na ukuta wa jengo la baadaye, halilipiwi. Ukumbi wa jiji wa zamani, lilipokaa bunge la Dola Takatifu ya Kirumi kuanzia 1663 hadi 1806, huingii bila mwongozaji, na chini yake kuna chumba cha mateso ambacho vijana wetu walikipenda kuliko yote.

Walhalla iko nje ya mji, juu ya kilima cha Donaustauf: hekalu la mtindo wa Kiyunani alilojenga mfalme Ludwig wa Kwanza wa Bavaria, likafunguliwa 1842, limejaa sanamu za vichwa vya watu wao mashuhuri. Boti ya kwenda huko hulipiwa kando, tiketi yenu ya treni haiihusu. Basi ndilo inalolihusu. Wenye magoti mabovu wawekeni kivulini, ngazi ni zaidi ya 300.

Jumapili maduka yamefungwa, nunueni maji Jumamosi.

Kurudi hamna haraka, tiketi inadumu hadi saa tisa usiku. Ila someni herufi za treni kabla ya kupanda: RE na RB ni treni za mkoa, ni zenu; ICE ni ya masafa marefu, si yenu. Wanaorudi Nürnberg ndio hasa wataiona ICE imesimama hapo, ya kasi, viti viko wazi, na shemeji anauliza mnasubiri nini.