Kuchambua mradi wa TEHAMA wa serikali uliokwama: mfano wa uchaguzi wa Kenya, 2013

Andaa jedwali tupu, ripoti za ukaguzi, nyaraka za zabuni, na hukumu kama kesi ilifika mahakamani. Magazeti yatakuonyesha pa kuchimba tu.

1. Orodhesha yaliyoonekana, lawama baadaye. Tarehe 4 Machi 2013, vifaa vya kutambua wapiga kura kwa alama za vidole viliishiwa chaji vituoni. Vingine viligoma kufunguka kwa sababu ya nenosiri. Makarani wakarudi kwenye daftari la karatasi. Matokeo yaliyotumwa kwa simu yakakwama. Skrini za Bomas, kituo kikuu cha kujumlishia kura jijini Nairobi, zikaonyesha kura zilizokataliwa zikiwa zimezidishwa mara 8. Kila tatizo lipe mstari wake. Ukiandika "mitambo ilifeli", umeshapotea.

2. Shika moja, uliza "kwa nini" hadi ufike kwa watu. Chukua betri. Kituo ni darasa lisilo na soketi, na kura hupigwa kuanzia saa 12 asubuhi hadi saa 11 jioni: saa 11 mfululizo. Mbona tatizo hili halikugunduliwa mapema? Majaribio yalikosa muda. Muda ulikwenda wapi? Hukumu ya Mahakama ya Juu katika kesi ya uchaguzi huo inajibu: mivutano ya makamishna wa tume ya uchaguzi wakati wa ununuzi. Kumbe betri ilianza kuisha kwenye meza ya zabuni.

3. Tenga kosa na kilichoshindwa kulinasa. Ile mara 8 ilikuwa hitilafu ya programu, na programu yoyote huwa nazo. Ila jaribio la dakika mbili lingeinasa: ingiza kituo chenye kura 5 zilizokataliwa, tazama skrini. Ikisoma 40, simamisha kazi.

4. Geuza funzo liwe sharti la mkataba. "Tujipange mapema" ni maneno ya semina. Andika hivi: "Kifaa kifanye kazi saa 14 bila umeme, kituoni kijijini, kikiwa na karani wa kawaida, siku 60 kabla ya kura. Kikishindwa, hakipokelewi wala hakilipiwi." Saa 3 za ziada ni za foleni na kuhesabu.

5. Fuatilia mzunguko unaofuata. Ongeza safu: limepona, nusu, bado. Mwaka 2017 utumaji matokeo ulikuwa bado kidonda: Mahakama ya Juu ilifuta uchaguzi wa rais Septemba 1, na seva za tume, kompyuta zinazohifadhi matokeo, ambazo mahakama iliamuru zifunguliwe hazikufunguliwa ipasavyo. Mwaka 2022 picha za Fomu 34A, yaani fomu za matokeo ya urais ya kila kituo, ziliwekwa kwenye tovuti ya umma, mwenye kikokotoo akajijumlishia. Hapo andika "nusu" au "limepona", lakini taja ushahidi.