Kuwahesabu wasemaji wa Kiswahili Marekani kwa data ya wazi

Kliniki au shule ya Marekani ikitaka kujua inahitaji wakalimani wangapi wa Kiswahili, chanzo kikuu ni uchunguzi wa American Community Survey (ACS), unaofanywa na Census Bureau, ofisi ya sensa ya serikali ya Marekani. Data ni ya bure, ila jedwali la kwanza utakalokutana nalo halina Kiswahili peke yake.

1. Fungua data.census.gov, andika B16001 (namba ya jedwali la lugha zinazosemwa nyumbani), kisha uchague makadirio ya miaka 5. Ya mwaka 1 hutolewa kwa maeneo yenye watu 65,000 au zaidi tu, na kwa lugha yenye wasemaji wachache huyumba mno. Anza na jimbo, tuseme Kentucky. Ukiambiwa eneo lako halina data, chagua eneo kubwa zaidi. Usikimbilie C16001, jedwali lililofupishwa, maana humo Kiswahili kimemezwa na kundi la lugha nyinginezo.

2. Tafuta safu ya "Swahili or other languages of Central, Eastern, and Southern Africa". Hapa ndipo wengi hukosea: wanaichukua namba hiyo yote kuwa ni ya wasemaji wa Kiswahili. Kumbe ndani yake wamo pia wasemaji wa Kinyarwanda, Kilingala, Kiganda na wengine.

3. Ili kukipata Kiswahili chenyewe, nenda data.census.gov/mdat, chagua faili la PUMS (majibu ya mtu mmoja mmoja, bila majina) la miaka 5, kisha kigezo LANP, yaani lugha inayosemwa nyumbani. Ongeza ENG, kinachoonyesha mtu anavyojua Kiingereza: 1 ni vizuri sana, 4 ni hajui kabisa. Watafute wanaohitaji mkalimani kwenye 2 hadi 4.

Ukipakua faili lenyewe badala ya kutumia ukurasa huo, jumlisha PWGTP, yaani uzito unaoonyesha kila mstari unawakilisha watu wangapi. Usihesabu mistari. PUMS ya miaka 5 ni sampuli ya takriban asilimia 5, hivyo mstari mmoja unasimama kwa watu wengi.

Eneo dogo kabisa humo ni PUMA, eneo la takwimu lililochorwa kwa ajili ya data hii, lenye watu wasiopungua 100,000. Mipaka ilichorwa upya baada ya sensa ya 2020, kwa hiyo usilinganishe namba ya PUMA ya zamani na mpya bila ramani mkononi.

4. Pima uhakika. Majedwali ya ACS hutoa kiwango cha makosa kwa uhakika wa asilimia 90. Kigawe kwa 1.645, kisha ugawe jibu kwa makadirio. Kwa mfano wa hesabu tu: makadirio 4,000, makosa 900. 900 ÷ 1.645 ni 547, na 547 ÷ 4,000 ni asilimia 13.7. Hiyo inatosha kupangia kazi. Ikivuka asilimia 30, unganisha maeneo.

5. Kabla hujaandika ripoti, lirudie swali lenyewe. Linawahusu watu wa miaka 5 na zaidi, linauliza lugha isiyo Kiingereza inayosemwa nyumbani, na kila mtu huhesabiwa kwa lugha moja tu. Familia iliyotoka Kongo ikiandika Kinyarwanda, Kiswahili chake hakionekani popote, ingawa hospitalini mkalimani wa Kiswahili angeelewana nayo vizuri. Kwa hiyo namba ya LANP ichukue kama kima cha chini, na ile ya B16001 uiweke kando yake, huku ukieleza wazi kila moja inahesabu nani.