Lexus UX kutoka Japani: ikague hivi kabla hujaachia hela

Kazi yangu ni kukagua magari ya watu kabla hawajalipa, na siku hizi wanaonipigia simu wengi wanaulizia Lexus UX. Wameona picha: sho ya mbele imejaa uso mzima, nyuma taa zimeungana kwa mstari mmoja mwekundu kutoka ubavu hadi ubavu. Moyo umeshaenda. Mimi nawaambia tuanze na namba ya chesisi.

Ikianza na MZAA10 ni UX 200, petroli tupu, lita 2. MZAH10 ni UX 250h, haibridi, yaani injini ya petroli ikisaidiana na mota ya umeme, inayovuta kwa tairi za mbele. MZAH15 ni haibridi hiyohiyo ila ina mota ya umeme nyuma, Wajapani wanaiita E-Four. KMA10 ni UX 300e, umeme mtupu, na tundu lake la chaji ya haraka ni la CHAdeMO, aina ya plagi ya Kijapani. Kabla hujashawishika na bei, jua kwanza utachajia wapi.

Kuhusu MZAH15, muuzaji atakuambia inavuta tairi zote nne. Kweli, lakini ile mota ya nyuma ina nguvu ya farasi 7 tu, na ukipita kilomita 70 kwa saa inapumzika. Imewekwa ikusaidie kuondoka kwenye barabara yenye utelezi. Mama mmoja wa Goba aliitaka kwa ajili ya kilima cha tope kinachoingia kwake. Nikamshauri ile tofauti ya bei anunulie kokoto.

Ukishajua ni ipi, chukua futi. Kwa za petroli na haibridi, kutoka ardhini hadi tumboni ni milimita 160. Gari hili limejengwa juu ya msingi uleule wa Corolla mpya, GA-C, likainuliwa kidogo na kuvalishwa plastiki nyeusi kwenye matao ya tairi. Wenye nalo hawapendi kusikia hivyo, lakini ndivyo ilivyo, na si jambo baya: linakata kona kama gari dogo, nusu kipenyo cha mita 5.2, kwa hiyo Kariakoo utageuza bila kugombana na mwenye mkokoteni. Ila nenda kapime matuta ya mtaani kwenu. Kisha inama uangalie kingo ya chini ya bampa la mbele, maana mikwaruzo ya huko haionekani kwenye picha za mnada wa Japani.

Sasa nyuma. Zile taa zina LED 120 na mstari umepita juu ya mlango wa buti. Simama hatua chache nyuma, mtu akanyage breki. Usiangalie mwanga tu, angalia nafasi kati ya kipande cha katikati na vipande vya pembeni. Kushoto na kulia ziwe sawa. Gari lililogongwa nyuma hata lipigwe rangi nzuri vipi, hapo ndipo linapojisema, kwa sababu mlango wa buti ukihama kidogo tu mstari wote unakatika. Linganisha na karatasi ya mnada, ile ripoti ya ukaguzi iliyoandikwa gari lilipouzwa mnadani Japani: W ni mahali palipokarabatiwa, XX ni kipande kilichobadilishwa, na daraja la R au RA maana yake gari lina historia ya kugongwa. Muuzaji asiyetaka kukuonyesha karatasi hiyo, muage.

Ndani ndiko pesa yako ilikokwenda, kwa hiyo usiingie na kutoka. Kaa. UX ilionyeshwa Geneva Machi 2018, na mhandisi mkuu wake alikuwa mwanamke, Chika Kako. Wazo walilolifuata ni engawa, ile baraza ya nyumba za Kijapani ambayo hujui kama uko ndani au nje. Ukikaa kwa dereva utaona dashibodi inavyotambaa kuelekea kwenye boneti na mabega ya gari kama kitu kimoja. Pitisha kidole juu ya dashibodi: ile michirizi imeigwa kutoka karatasi yao ya washi. Mapambo ya viti vya ngozi yametokana na ushonaji wao wa sashiko. Angalia kingo ya kiti cha dereva upande wa mlango. Ikiwa imechakaa wakati kilomita zinasoma chache, uliza maswali.

Weka kiganja kwenye egemeo la katikati. Vidole vyako vitakuta vitufe vya redio bila kuangalia chini, na mbele yake kibao cha kugusa kinachoendesha skrini. Kijaribu taratibu, kishale kifuate kidole. Mimi kibao hicho kinanichosha, na nadhani wao wenyewe waliona, maana maboresho ya 2022 yalikiondoa wakaweka skrini ya kugusa. Kama bajeti inaruhusu, tafuta za kuanzia hapo. Usiku washa taa uone vitasa vya matundu ya hewa, kama gari limewekewa: vinawaka bila waya wowote kuvifikia, umeme unaruka kwa sumaku. Ni anasa tupu, lakini ndiyo uliyolipia.

Skrini itakuwa ya Kijapani na ramani ni ya Japani. Redio nyingi za huko zinaishia 95 MHz, stesheni zako za juu ya hapo zisahau. Usikubali fundi wa mtandaoni akuahidi Kiswahili kwa siku moja. Omba uone gari alilolibadilisha.

Rada ya usalama inakaa nyuma ya nembo mbele, kamera iko ndani, juu kwenye kioo cha mbele. Nembo ya bandia au kioo kilichobadilishwa bila kupimwa upya, mfumo wa gari kukanyaga breki lenyewe unaweza kuzima au kukosea. Washa gari, hakikisha hakuna onyo linalobaki kwenye mita.

Tairi: soma ubavuni. Ukiona 225/50RF18, hizo ni zile za kutembea bila upepo. Ni ngumu, utazisikia kwenye mashimo, na gari halina spea. Ulizia bei ya moja kabla hujanunua gari zima.

Kwa haibridi, betri iko chini ya kiti cha nyuma na inapozwa kwa hewa ya ndani ya gari. Tafuta tundu lenye wavu karibu na kiti hicho, piga tochi. Likiwa limejaa vumbi na manyoya ya mbwa, feni inahangaika na betri inachemka. Likisafishwa kila unapofanya sevisi inatosha. Na oili ni 0W-16, nyepesi kama maji. Fundi akikushauri nzito zaidi kwa sababu ya joto letu, mfungulie kitabu cha gari.