Simbilisi mezani: usingizi na maumivu katika upasuaji wa mgongo

Simbilisi (guinea pig) wangu wa kwanza wa mgongo hakufa kwa kisu. Nilitoa kipande cha pingili kilichokandamiza neva, nikashona, nikajipongeza. Kumbe baridi ya Nairobi ya Julai ilikuwa imeshammaliza palepale juu ya bati la meza.

Kwa hiyo siku hizi joto ndilo la kwanza. Taulo, chupa za maji ya moto zilizovikwa soksi, kipimajoto kila dakika kumi. Kawaida yake ni nyuzi 38 hadi 39.5. Mnyoe sehemu ndogo tu, na spiriti usimmwagie.

Kabla ya upasuaji usimshindishe njaa kama mbwa: hatapiki, na matumbo yakigoma ni kazi kuyaamsha. Namwondolea nyasi saa moja kabla, kisha namsukutua kinywa, maana mabaki hujificha nyuma ya ulimi. Mpira wa kupumulia wa koo ni shida kumwingizia, tundu lenyewe dogo mno, hivyo natumia barakoa, isoflureni (dawa ya usingizi ya kuvuta) na oksijeni. Akilazwa kifudifudi, vibunda vya taulo vikae chini ya kifua na nyonga, tumbo libaki huru, la sivyo pumzi haipiti.

Dawa ya maumivu itangulie kisu. Hapa ndipo wengi hukosea hesabu. Wa gramu 800, kwa buprenofini, dawa kali ya maumivu, miligramu 0.05 kwa kilo, anahitaji miligramu 0.04. Chupa yenye miligramu 0.3 kwa mililita inakupa mililita 0.13, yaani vistari 13 vya sindano ya insulini ya U-100, yenye vistari 100 kwa mililita. Sindano kubwa iache drooni. Meloksikamu, dawa ya maumivu na uvimbe, naongeza akiwa na maji ya kutosha mwilini, kamwe si pamoja na steroidi.

Damu nayo: mwili mzima wa huyo wa gramu 800 una kama mililita 56, kikombe kimoja cha kahawa ya barazani. Pima kila shashi iliyolowa.

Baada ya hapo, lisha kwa bomba kila saa tatu au nne, vitamini C isikosekane, kibofu ukikamue taratibu kama miguu ya nyuma bado imelala. Wala usingoje alie. Huyu ni windo. Akiumia hujikunyata, manyoya yakasimama, akanyamaza.

Juzi mmoja alitoa vinyesi vitatu tu usiku kucha. Msaidizi wangu akasema, "Daktari, huyu ametulia vizuri." Saa kumi alfajiri nikampa dozi nyingine ya dawa ya maumivu. Saa mbili asubuhi aliposikia mlango wa friji, akapiga mluzi.