Jinsi ya kupima kama choya inashusha presha kweli

Presha haitulii. Asubuhi 152, mchana 138, na mtu hajameza chochote. Mgonjwa huanza kunywa dawa ya mitishamba, kama choya (rozela), siku ambayo presha imepanda. Wiki ikipita, namba hushuka zenyewe hata angekunywa maji matupu. Ndiyo maana ushuhuda wa "nilikunywa choya ikashuka" hauthibitishi kitu, na ndiyo maana lazima liwepo kundi la kulinganisha.

Vibali kwanza. Kwa Tanzania, idhini ya maadili hutoka NIMR (taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba), na jaribio la dawa kwa binadamu huhitaji pia kibali cha TMDA (mamlaka ya dawa na vifaa tiba).

Halafu mmea. Kausha tawi lenye ua na tunda, wataalamu wa mimea wathibitishe kuwa ni Hibiscus sabdariffa, na sampuli ihifadhiwe kwa namba. Kinachouzwa sokoni kama "maua ya rozela" si petali, ni vile vifuniko vyekundu vinene vinavyobaki vimelizunguka tunda petali zikidondoka. Nunua mzigo wote kwa mpigo mmoja, kutoka mavuno yaleyale. Watu 70 wa kundi la choya wakinywa gramu 10 kwa siku kwa siku 42 watamaliza kilo 29.4, hivyo chukua 35. Kipinde kimoja kwa vidole: kikivunjika kimekauka, kikinyumbuka kama ngozi bado kina maji na kitaota ukungu gunia likifungwa.

Pima kwa mizani, si kwa kijiko. Kijiko cha choya iliyosagwa huwa na uzito mkubwa kuliko cha choya nzima, na hapo kipimo chako kimeshapotea. Mimina nusu lita ya maji yaliyochemka juu ya gramu 10, funika dakika 10, chuja. Tumia sufuria ya chuma cha pua. Choya ni chachu na hula alumini. Usitie sukari.

Kundi la pili linywe kinywaji chekundu chenye ndimu ya unga na rangi ya chakula, kisicho na choya. Kukipata kinachofanana kwa ladha ni kazi ngumu, kwa hiyo wape watu wasiohusika waonje kwanza. Ili kuona tofauti ya milimita 5 za zebaki, ikiwa presha za watu hutofautiana kwa wastani wa 10, unahitaji watu 63 kila upande; 70 ni kwa sababu wengine wataacha njiani. Mgawanyo ufanywe kwa bahati nasibu, kwa bahasha zilizofungwa, na mpimaji asijue nani yuko wapi.

Chagua wenye namba ya juu kati ya 130 na 150 ambao daktari ameona hawahitaji vidonge bado. Usimwachishe mtu vidonge vyake ili aingie kwenye jaribio. Wajawazito, wanaonyonyesha na wenye ugonjwa wa figo wasiingie. Pima damu mwanzo na mwisho: kreatinini (huonyesha hali ya figo), potasiamu, vimeng'enya vya ini. Madhara hayaonekani kwa mashine ya presha: reserpini, dawa ya presha iliyopatikana mwaka 1952 kutoka mmea wa Rauvolfia wa India, ilishusha presha kweli, lakini baadhi ya wagonjwa walipata sonona.

Kwenye kupima ndipo kazi nyingi huharibika. Mtu akojoe, akae dakika 5 kimya, mgongo umeegemea, miguu chini bila kukunjwa, mkono mezani usawa wa moyo. Asiwe amekunywa kahawa au kuvuta sigara nusu saa kabla. Mkanda mdogo kwenye mkono mnene hupandisha namba kwa uongo, kwa hiyo nunua saizi mbili. Pima mara tatu kwa kupishana dakika moja, tupa ya kwanza, chukua wastani wa mbili. Saa iwe ileile kila wiki.

Mwishoni usilinganishe "kabla" na "baada" ndani ya kundi la choya peke yake. Katika jaribio la Marekani lililochapishwa mwaka 2010, watu 65 walikunywa vikombe vitatu kwa siku kwa wiki 6: waliokunywa choya walishuka 7.2, waliokunywa kinywaji kisicho na choya 1.3. Kazi ya choya hapo ni 5.9, si 7.2.